Pesa ndogo kwa wakati wake: jinsi kikundi cha waliosoma pamoja kinavyoweza kumshika mkono mwanachuo na kupeleka sayansi shuleni

Vyuo vinapokaribia kufunguliwa, mwishoni mwa Oktoba hivi, mabasi ya mikoani hushusha vijana pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, Dar es Salaam. Begi moja, ndoo yenye vyombo, bahasha ya kaki yenye barua ya udahili. Wengi wana mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na kwenye karatasi shida yao imekwisha. Ila bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, haliingii mpaka mtu asajiliwe, na usajili nao unataka taslimu: michango ya chuo, bima ya afya kwa asiye nayo, vipimo vya hospitali, picha, nakala. Hapo hajala wala hajapata pa kulala. Wiki mbili tatu za namna hiyo zinatosha kumfanya kijana mwenye daraja la kwanza la PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) aanze chuo kwa pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku, huku akibebwa hosteli, yaani akilala kitanda kimoja na mwenzake.

Sisi tuko 24, tulisoma sekondari moja, na tulianza kuchangishana tukiwa na ndoto kubwa ya "kusomesha". Mwaka wa kwanza tuliharibu karibu kila kitu. Humu nimeandika tunavyofanya sasa, na pale tulipoteleza nimepataja ili ninyi msipakanyage.

Hatua ya 1: Acheni ada, tafuteni pengo

Kila kikundi kipya kinataka kulipa ada, kwa sababu ada inasikika vizuri mkutanoni. Mimi nawashauri muiache. Ada ya uhandisi kwenye chuo cha umma inazidi milioni moja kwa mwaka, na kozi ni miaka minne. Kikundi cha watu 20 kinaweza kumbeba mmoja, na michango ikilegea mwaka wa tatu mtaanguka naye. Halafu ada ndiyo sehemu ambayo tayari ina wenyewe: Bodi ya Mikopo ipo tangu 2005, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 upo ufadhili wa Samia kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi Kidato cha Sita. Mahali ambapo hapana mwenyewe ni kwenye nyufa katikati ya hizo fedha. Sisi tunazijua nne.

Ufa wa kwanza unatokea kabla hata ya chuo. Kuomba mkopo kuna ada ya shilingi 30,000. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi vilevile. Kuna fomu ya kugongwa muhuri wa wakili au hakimu, kuna serikali ya mtaa au kijiji, kuna intaneti kafe inayotoza kwa ukurasa. Kijana wa kijijini, pengine ndiyo kwanza ametoka JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), anazikuta hizo zote ndani ya wiki chache. Tunamfahamu mmoja aliyekaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu cheti cha kifo cha baba yake hakikuhakikiwa kwa wakati. Kiasi kilichopungua hakikufika bei ya viatu vyangu. Kama kikundi chenu kina uwezo wa kufanya jambo moja tu, fanyeni hili: Julai na Agosti, mtafuteni mwalimu mmoja wa sekondari mnayemwamini awapeni majina ya waliomaliza Kidato cha Sita, na mmoja wenu akae nao siku nzima mbele ya kompyuta.

Wa pili ni ule wa stendi nilioanza nao. Tunauita kianzio.

Wa tatu ni fildi. Mwanafunzi anapangiwa mafunzo kwa vitendo mkoa asio na ndugu, na mwenye mkopo wa asilimia ndogo anapata fungu dogo la fildi au hapati kabisa. Wa uhandisi anadaiwa buti za usalama na kofia ngumu siku ya kwanza kazini. Wa nne ni mradi wa mwaka wa mwisho, ambapo kijana mwenye wazo zuri analibadilisha kuwa wazo la makaratasi kwa kuwa hana pesa ya sensa (vitambuzi) na bodi za elektroniki za Kariakoo.

Laptopu? Tulijaribu kununua mbili ziwe zinazunguka. Msijaribu. Ziligeuka kama baiskeli ya ukoo: kila mtu anaitumia, hakuna anayeijaza upepo.

Hatua ya 2: Pesa ikae mahali ambapo hakuna mtu mmoja anayeweza kuigusa

Mwaka wa kwanza michango ilikaa kwenye simu ya mweka hazina wetu. Mtu mwema kabisa. Mama yake akalazwa, usiku akatoa laki tatu akiamini atarudisha mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukaja na mambo yake. Hatukumfukuza, alirudisha kidogo kidogo kwa miezi saba, lakini kundi la WhatsApp lilinyamaza kama msiba na watu sita hawakuchangia tena. Kosa lilikuwa letu sote. Tulimwachia mwenzetu jaribu na shida kwenye mfuko mmoja.

Fungueni akaunti ya kikundi benki, yenye waweka saini watatu na ambayo haitoi pesa bila wawili kati yao. Benki itataka katiba, muhtasari wa kikao kilichochagua viongozi, na utambulisho wa kikundi, kwa hiyo anzieni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yenu awaeleze usajili wa vikundi kwao ukoje. Walio mbali na tawi hutumia huduma za kuweka akiba za vikundi kwenye simu kama M-Koba, ambapo wanachama huona kinachoingia na kinachotoka. Walio Muscat au Minneapolis watume kwenye akaunti hiyohiyo, tena kwa mkupuo wa miezi mitatu, maana makato ya kutuma kidogo kidogo yanakula mchango.

Katiba iwe kurasa mbili. Ya kwetu ya kwanza ilikuwa 19, ina kamati ya nidhamu na nembo. Hakuna aliyeisoma. Yanayohitajika ni nani anachangia kiasi gani, nani anaidhinisha, tunasaidia kitu gani na kitu gani hatusaidii, na pesa itakwenda wapi tukivunjika.

Mkiamua kuomba nje ya wanachama, kwa kampuni au kwa umma, hapo mmeingia uwanja mwingine. Sajilini taasisi kamili, iwe kwa Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali au bodi ya wadhamini kupitia RITA, kulingana na mnachofanya. Kampuni inayotaka kuchangia elimu kwa kiasi kikubwa mnaweza pia kuielekeza Mamlaka ya Elimu Tanzania, inayosimamia Mfuko wa Elimu wa Taifa, ambako mchango una utaratibu wake wa kutambuliwa kikodi. Hiyo si aibu. Pesa si lazima ipite mikononi mwenu ndipo ihesabike.

Hatua ya 3: Pigeni hesabu ya wanaolipa, msipige ya walioahidi

Sisi 24, mchango 20,000 kwa mwezi. Kwenye makaratasi hiyo ni 5,760,000 kwa mwaka, na ndivyo tulivyopanga mwanzo. Kilichoingia hakikufanana. Sasa tunapanga bajeti kana kwamba tuko 16, yaani theluthi mbili, na tukipata zaidi tunashukuru. 16 mara 20,000 mara miezi 12 ni 3,840,000. Tunaigawa hivi:

Kianzio kwa wanafunzi watano, 300,000 kila mmoja: 1,500,000.
Fildi kwa watatu, 200,000 kila mmoja: 600,000.
Mradi wa mwaka wa mwisho kwa wawili, 150,000 kila mmoja: 300,000.
Kazi ya sayansi kwenye shule mbili za sekondari, 400,000 kila shule: 800,000.
Dharura, ikiwa ni pamoja na wale wa kuhakiki vyeti: 640,000.

Anzeni kuchanga Januari ili Oktoba iwakute na kitu. Miezi mitatu ya mwanzo msitoe hata senti, hata akija mtu analia. Ni kipindi cha kujuana nani analipa.

Hatua ya 4: Kumchagua mtu bila kumvua nguo

Tulianza na fomu ya kurasa nne iliyomtaka kijana aeleze umaskini wao. Dada mmoja aliijaza vizuri kisha akaandika chini, kwa penseli, kwamba baba yake asijue. Tuliichana fomu ile.

Vitu vitatu vinatosha: barua ya udahili, ukurasa wa mgawanyo wa mkopo kutoka Bodi (ndio unaoonyesha pengo liko wapi, huhitaji kuuliza habari za nyumbani), na simu moja kwa mwalimu aliyemfundisha. Hatuangalii ufaulu peke yake. Mwenye pointi za juu kabisa ana milango mingine. Tunayemtafuta ni yule wa katikati aliyechaguliwa uhandisi, maabara, takwimu au ualimu wa sayansi, na mkopo wake una tundu. Ualimu wa sayansi tunaupa kipaumbele makusudi, maana kijana mmoja anayefundisha Fizikia kwa moyo atapita kwenye maisha ya mamia.

Wanaochagua wawe watatu, na mwanakikundi mwenye ndugu kwenye orodha atoke nje. Nje kabisa, pamoja na simu yake. Majina yasipelekwe kwenye kundi la WhatsApp, na nakala za vyeti na vitambulisho zikae kwa katibu pekee, kisha zifutwe kazi ikiisha. Tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwepo, shida ya mtoto wa mtu si ya kusambazwa.

Na picha za kukabidhi hundi kubwa ya boksi, tafadhali. Tuliwahi kufanya. Kijana alisimama na tabasamu la kukodi, picha ikafika chuoni kabla yake, na wenzake wakampa jina ambalo sitaliandika hapa.

Hatua ya 5: Namna ya kufikisha

Kinacholipwa chuoni lipeni chuoni moja kwa moja: kijana anawatumia namba ya kumbukumbu ya malipo aliyopewa na chuo, nanyi mnailipa kwa simu au benki, risiti inabaki. Pesa ya chakula na malazi mpeni mkononi mwake, nusu siku anayosafiri na nusu baada ya wiki mbili. Tulikuwa tunatoa yote mara moja mpaka tukagundua kwamba mtoto wa kwanza kufika chuo kikuu katika ukoo akipata laki tatu, ukoo unazisikia kabla hajapanda basi.

Mpeni pia mtu. Mwanachama mmoja kwa mwanafunzi mmoja, ikiwezekana wa fani inayokaribiana, wa kumpigia simu mara moja kwa mwezi. Simu ya "shikamoo kaka", "marahaba, umekula?", basi. Matokeo ya muhula tunaomba tuyaone, na akikamatwa, yaani akifeli, masomo mawili hatumkatii msaada. Tunampigia mapema zaidi. Wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli, mara nyingi walikuwa wameacha kuongea na watu miezi kadhaa kabla.

Hatua ya 6: Kuipeleka sayansi shuleni, na wanachuo haohao

Hapa ndipo mimi hupapenda, na ndipo vikundi vingi hupaharibu kwa kupafanya sherehe. Gari, fulana zilizochapwa, hotuba ya mgeni rasmi, peni moja kwa kila mtoto, kwaheri. Shule kumi kwa wiki moja. Hakuna kinachobaki isipokuwa fulana.

Chagueni shule mbili tu za kata na mrudi kila moja mara tatu kwa mwaka. Lengeni Kidato cha Pili. Wengi huziacha Fizikia na Kemia wakiingia Kidato cha Tatu, kwa hiyo ukienda kumhamasisha wa Kidato cha Nne umechelewa, gari limeshaondoka. Likizo ndefu ya chuo inaangukia kuanzia Julai au Agosti hadi Oktoba, shule za sekondari zikiwa zinaendelea na masomo. Ziara mbili zinaingia hapo, ya tatu iwe Machi kwa walio vyuo vya jirani.

Ruhusa kwanza. Barua iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa Afisa Elimu Sekondari na mkuu wa shule, ikieleza siku, saa, majina ya wanaokuja na watakachofanya. Mwezi mmoja kabla. Nendeni mkaongee na mwalimu wa Fizikia au Kemia kabla ya siku yenyewe, mkamuulize anahangaika na mada gani, na msimfanye aonekane wa kulaumiwa mbele ya wanafunzi wake. Pengine anafundisha vipindi 30 kwa wiki na maabara yake ni chumba chenye meza. Awepo muda wote. Kijana wenu asibaki peke yake na mwanafunzi, na timu iwe na msichana angalau mmoja, kwa kuwa binti wa Kidato cha Pili anayemwona dada wa uhandisi ameshika bisibisi hahitaji tena hotuba.

Vifaa viwe vya kuokoteza, ili mkiondoka wabaki navyo na vikiharibika wapate vingine. Sanduku letu lina sindano za mililita 10 zisizo na ncha (zinapima ujazo vizuri mahali pasipo na bureti), betri kubwa za tochi, sumaku za spika mbovu, waya wa shaba wa fundi anayeviringisha mota za feni, pini, vikombe vyeupe vya plastiki, rozela kavu, malimao, magadi na majivu ya jikoni.

Somo la rozela linachukua dakika 40. Chemsha maua, chuja, upate maji mekundu. Mimina kwenye vikombe vitano. Cha kwanza ongeza limao, wekundu unakolea. Cha pili maji ya majivu yaliyochujwa, rangi inahama kuelekea kijani. Cha tatu kiache kama kilivyo, cha kulinganishia. Viwili vilivyobaki wape wanafunzi wajaze wanachotaka kutoka nyumbani: sabuni, maziwa mgando, maji ya kisima. Kabla hawajamimina waandike wanadhani itakuwa rangi gani. Hapo ndipo sayansi ilipo, kwenye kubashiri na kukosea. Asidi kali za maabara msizibebe, hamna sababu.

Mota ni ngumu kidogo ila haisahauliki. Viringisha waya mara kumi na tano kuzunguka betri, uutoe uwe koili yenye ncha mbili zilizonyooka. Pini mbili zifungwe kwenye ncha za betri ziwe mihimili, koili ikae kwenye matundu ya pini hizo, sumaku chini. Kosa la kila mtu ni kukwangua vanishi yote kwenye ncha zote mbili: koili inatikisika tu kisha inasimama. Ncha moja ikwanguliwe yote, nyingine nusu ya duara lake tu, ili umeme ukatike kila nusu mzunguko na koili ijipitishe yenyewe. Waacheni wakosee kwanza. Ikizunguka, darasa zima linapiga kelele, na mwalimu wa darasa la jirani anakuja kuchungulia.

Fundisheni kwa Kiswahili kwanza. Watoto hawa wamesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakavushwa ghafla, na wengi wanadhani wamefeli Fizikia kumbe wamefeli lugha yake. Mweleze mtu mchapuko kwa bodaboda inayoondoka kwenye taa, akishaelewa mpe neno la Kiingereza atakalokutana nalo kwenye mtihani. Afadhali neno lifike na kitu kiko tayari kichwani.

Ziara ya tatu iachieni klabu ya sayansi ya shule. Wachague swali moja la kijijini kwao, mfano mbegu za nani zinaota zaidi au kisima kipi kina chumvi, wapime kwa wiki sita. Wakilipenda, ipo njia ya kwenda mbele: Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Dkt. Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry, huandaa maonyesho ya kazi za utafiti za wanafunzi wa sekondari. Mwanachuo wenu anaweza kuwa mlezi wa kazi hiyo kwa simu.

Swali linaloulizwa sana: je, kwenda shuleni liwe sharti kwa tunaowasaidia? Tulibishana vikao viwili. Msimamo wangu, na ndio uliopita, ni hapana. Kianzio si mshahara. Tunawaalika, tunalipa nauli na chakula cha mchana, na asiyekuja haulizwi. Mpaka sasa wanaokuja wanazidi nafasi tulizonazo kwenye daladala.

Hatua ya 7: Pangeni mapema mtakavyoacha

Vikundi hufa. Watu wanahama, wanastaafu, wanagombana kwa sababu ya msiba au uchaguzi. Ndiyo maana hatuahidi kitu chochote kinachozidi miezi 12, na kwenye barua tunayompa mwanafunzi tunaandika kiasi, tarehe na mwisho wake. Fungu la dharura haliguswi Novemba mpaka tuwe tumehakikisha wote watano wamesajiliwa na bumu limeingia. Kama kikao cha Desemba kitaona wanaolipa wameshuka chini ya kumi, hatumpokei mtu mpya. Tunamalizana na waliopo, sanduku la vifaa tunaliacha kwa mwalimu wa Fizikia kwa maandishi, na salio linakwenda kulipia maombi ya mkopo ya Julai inayofuata. Kwa 30,000 kila mmoja, hata salio la laki tatu ni vijana kumi.